Wiki Saba Bila Kukanyaga Lami

Mwezi Julai, nikijiandaa kwa nusu marathoni ya Nairobi iliyokuwa ifanyike Oktoba, muundi wangu wa kulia ulianza kuuma mahali pamoja padogo kama sarafu ya shilingi kumi, na maumivu hayo hayakunitoka hata nilipolala. Eksirei haikuonyesha kitu, jambo la kawaida kwa nyufa ndogo za mfupa katika wiki za mwanzo. Picha ya MRI ndiyo iliyoufichua ufa. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinikataza kukimbia kwa wiki saba, ila akaniruhusu zoezi lolote lisilo na kishindo wala maumivu.

Nilichagua maji na baiskeli. Baiskeli ya mazoezi haina mengi ya kusimulia: mara mbili kwa wiki, dakika 50, nikizungusha pedali karibu mara 90 kwa dakika, nikiutazama ukuta. Maji ndiyo yaliyonifunza. Mtu hukimbilia kwenye kina kirefu akiwa amejifunga mshipi wa kuelea, nyayo zisiguse sakafu, na maji yakimfika shingoni hubeba takriban asilimia 90 ya uzito wake. Siku za kwanza niliinama mbele kama anayeogelea, nikawa nasonga upesi bila kuchoka, nikajisifu bure. Niliposimama wima, nikainua goti na kuurudisha mguu nyuma kwa nguvu kama anayesukuma mlango mzito, dakika 3 tu zilitosha kunifanya nitwete. Tangu hapo kila Jumanne nilifanya vipande 8 vya dakika 3, nikipumzika dakika 1 kati yake. Kwa kuwa majini moyo hupiga polepole kuliko barabarani hata kwa juhudi ileile, niliacha kuitegemea saa ya mkononi, nikasikiliza pumzi: nikiweza kumaliza sentensi, nilijua ninazembea.

Bwawa la wazi la Nairobi mwezi Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, halimvutii mtu mwenye akili timamu. Mzee mmoja aliyekuwa akiogelea hapo kila siku alinitazama wiki nzima, kisha akauliza, "Kijana, humo ndani umepoteza kitu?" Nikamjibu, "Mguu, mzee." Alicheka hadi akameza maji.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuja wakati wa kurudi. Pumzi yangu ilikuwa imebaki karibu kama nilivyoiacha, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa sababu mfupa na kano hukomazwa na kishindo chenyewe, na kishindo hicho miguu yangu ilikuwa haijakionja kwa wiki saba. Mapafu yalidai kilomita 12. Muundi ulistahili 2. Nilianzia msitu wa Karura, kwenye njia za udongo, nikikimbia dakika 1 na kutembea 2, mara 10, huku kina mama wenye mbwa wakinipita kwa mwendo wa kawaida. Kila wiki niliongeza kidogo, na siku mbili za maji sikuziacha.

Oktoba nilibadilisha mbio, nikakimbia kilomita 10 badala ya 21. Kwenye kilomita ya nane nilikuwa na pumzi ya kutosha kuzungumza na jirani yangu, na muundi ulikuwa kimya.