Breka ya Jikoni

Arusha mwezi wa saba maji ya bomba yanauma hadi kwenye mifupa, kwa hiyo mwenye nyumba alipotufungia shawa ya umeme tulimwombea dua. Kumbe fundi wake hakuvuta waya mpya kutoka kwenye mainiswichi. Alidokoa tu umeme wa laini ya jiko, lililokuwa upande wa pili wa ukuta.

Mama alikuwa akioka keki za oda. Oveni ikiwaka pamoja na sahani za juu, jiko lilikula kama wati 6000. Shawa nayo 5400. Kwa volti 230 hapo unazungumzia karibu ampea 50, na breka, ile swichi inayokata umeme mzigo ukizidi, ilikuwa ya 32. Wala haikushuka papo hapo. Ilikupa muda wa kujipaka sabuni mpaka kichwani, ndipo ikakata. Mama alijua oveni imezimika kwa kusikia kelele za kaka bafuni.

Jirani akashauri tuweke breka ya 63, yaishe. Mama akaita fundi mwingine kwanza, mtu wa makamo, maneno machache. Alizima mainiswichi, akapima kwa testa, akafungua kiboksi cha jiko. Waya ulikuwa wa milimita za mraba 4. Karibu na skrubu ganda lake jekundu lilikuwa limegeuka kahawia, na alipoligusa kwa ncha ya bisibisi likapukutika.

"Mama, hii breka ndiyo inayowalinda. Nikiweka kubwa, itanyamaza huku waya unaungua ndani ya ukuta."

Dawa hasa ilikuwa laini ya peke yake kwa ajili ya bafu, lakini mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya kutoboa ukuta tena. Fundi akakata ncha iliyoungua, akafunga chenjiova, swichi ya kuchagua upande mmoja: mkono juu ni jiko, chini ni bafu, katikati sifuri. Viwili kwa pamoja haiwezekani, hata ufanyeje. Waya wa ethi wa shawa, ule wa kukinga mtu asipigwe shoti, ambao mwenzake aliuacha ukining'inia (huyo sijui nimwiteje), aliufunga bila kuulizwa.

Breka ikatulia, ugomvi ukahamia kwenye ule mkono. Siku ya keki ya sendofu ya binti wa mtaani, kaka alitoka mpirani, akauteremsha, akaingia kuoga huku anaimba. Mama anafungua oveni, keki imedidimia katikati. Akaoka nyingine usiku. Ile ya kwanza kaka aliinywea chai mpaka ikaisha, kwa amri.