Kamba ya bibi ilivyonifungulia DNA

Jamani mie Baiolojia ya fomu siksi ilinitoa jasho, na hasa hii mada ya DNA (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli) na RNA (nakala yake). Nadurusu usiku, asubuhi yote imeshapotea, herufi T sijui ya nani, U sijui ya nani. Testi ya kwanza nikapata 19 kwa 100, karatasi nikaificha chini ya godoro.

Sasa siku moja niko nyumbani Pemba, bibi kakaa barazani anasokota kamba za usumba, yale makumbi aliyoyafukia pwani miezi mpaka yakaoza. Namtazama anavyovingirisha nyuzi mbili kwenye paja kwa kiganja, akiachia tu zinajizungusha zenyewe. Nikaganda. Si ndo ile picha ya DNA kitabuni!

"Bibi nipe kipande."
"Cha nini tena? Ukikiharibu utanisokotea chengine."

Nikaifumua kidogo kidogo nikapachika njukuti katikati kama vidato vya ngazi. Zile nyuzi za pembeni ndo sukari na fosfeti, njukuti ndo besi, zile herufi nne za DNA: A na T wanashikana kwa vifungo 2, C na G kwa 3, basi nikafunga uzi wa cherehani mara 2 na mara 3. Ila kamba inadanganya sehemu moja, nyuzi zake zinaelekea upande mmoja, za DNA moja inapanda nyengine inashuka, kama gari zinazopishana njia ya Chake na Wete.

RNA ndo ilinisumbua zaidi, mpaka nikakumbuka chuoni tulipokuwa wadogo. Msahafu wa maalim hautoki, kila mtu ananakili aya zake ubaoni, akishahifadhi anauosha. DNA nayo haitoki kwenye kiini cha seli, kinanakiliwa kile kipande kinachotakiwa tu, na nakala yenyewe ndo RNA mjumbe: uzi mmoja, sukari yake raibosi, palipotakiwa T panakaa U. Inatoka mpaka kwenye raibosomu, kiwanda cha protini cha seli, inasomwa herufi tatu tatu, kila tatu (ndo kodoni hizo) zinaita asidi amino moja, inaletwa na RNA nyengine ya kubebea, zinaungwa mpaka inakuwa protini. Kazi ikisha nakala inavunjwavunjwa, ubao umeoshwa.

Na hapo ndo nikaelewa seli mundu, maradhi ya damu ambayo huku kwetu si mageni. GAG imekuwa GTG, herufi moja tu wallahi, asidi amino ya 6 kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) inakuwa valini badala ya glutamati, na chembe nyekundu inapinda kama mundu. Siku ile nilishindwa hata kula vizuri.

Testi ya pili nikapata 64, na kodoni nazo ziko 64, nikacheka peke yangu darasani. Narudi nyumbani nimuoneshe bibi ile kamba yangu, naikuta njukuti zimechomolewa zote, kafungia mbuzi.