Mtungi wa gesi na swali la dawati la nyuma

Jumanne, usiku

Leo tulikuwa kwenye haidrokaboni, yaani michanganyiko ya kaboni na haidrojeni, Kidato cha Tatu, na msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza: "Mwalimu, mtungi wa gesi ukipigwa eksirei, utalipuka?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilibeba kemia nyingi kuliko somo zima nililokuwa nimepanga. Nilimwambia hautalipuka, kengele ikalia. Nimeshafika nyumbani Umoja, nimepika, nimesahihisha madaftari, na swali bado linanizunguka.

Moto unahitaji oksijeni, na ndani ya mtungi hamna. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba mionzi kama eksirei huivunja gesi kweli, ila kidogo mno. Mionzi iliyofyonzwa hupimwa kwa grei: grei 1 ni jouli 1 kwa kila kilo, na nikipiga hesabu napata kwamba kipimo hicho huvunja molekuli moja tu ya propani, moja ya gesi za mtungini, katika makumi ya mamilioni. Eksirei ya kifua haifikii hata sehemu moja ya elfu ya grei.

Kinachonishika zaidi ni namna inavyovunja. Wanafunzi wanajua kuvunja kwa joto: molekuli nzima hutikiswa mpaka kiungo dhaifu kiachie, mara nyingi kile cha kaboni kwa kaboni. Mionzi haifuati njia hiyo. Mwale wa gama, ndugu wa eksirei, unaotoka kwenye kobalti-60 una nishati ya zaidi ya elektronivolti (kipimo kidogo mno cha nishati) milioni 1, na kiungo cha kemikali hushikiliwa na takriban 4 tu. Mwale hung'oa elektroni, kazi inayohitaji kama elektronivolti 11 kwa propani, na elektroni hiyo ikiwa na nguvu huenda kung'oa nyingine nyingi njiani. Baadaye elektroni na ioni, yaani molekuli iliyong'olewa elektroni, hukutana tena, nishati yote humwagika ndani ya molekuli moja, nayo hupasuka. Atomu ya haidrojeni huchomoka, au mnyororo wa kaboni hukatika.

Na mtungi wa jikoni una hali zote mbili: kimiminika chini, gesi juu. Propani ni ileile na mwale ni uleule, lakini yanayofuata hayafanani. Juu, vipande vina nafasi, vinaachana kabisa kabla ya kugonga chochote. Chini ni kama soko la mitumba la Gikomba siku ya kufungua marobota: ukisukumwa kutoka kwa mwenzako, umati unakurudisha kwake. Elektroni nyingi hurudi kwenye ioni zilikotoka, na vipande vingi huungana tena papo hapo. Kwa hiyo mnyororo uliokatika katika gesi hubaki umekatika mara nyingi zaidi kuliko katika kimiminika.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani tunalinyima watoto tunapotaja mionzi kama uharibifu tu. Vipande hujenga. Katika methani, ioni yake ikigonga methani nyingine huzaa CH₅⁺, kaboni yenye haidrojeni tano, na pembeni hubaki CH₃. CH₃ mbili zikikutana ni ethani. Asetilini, haidrokaboni nyingine, ikipigwa na chembe za alfa, aina nyingine ya mionzi, hugeuka kuwa unga mgumu. Kwenye Titan, mwezi wa Zohali, mwanga wa jua na chembe zenye nguvu huishambulia methani ya angani, na ule ukungu wa rangi ya machungwa unaoufunika mwezi mzima umetokana na vipande hivyo.

Benzeni, haidrokaboni yenye pete ya kaboni sita, ndiyo ninayoistaajabia kuliko zote. Kwa nishati ileile, saikloheksani, nayo pete ya kaboni sita, hutoa haidrojeni zaidi ya mara mia moja ya ile inayotoka kwenye benzeni. Pete ya benzeni hupokea pigo na kulisambaza kwa kaboni zote sita, na ukiichanganya na saikloheksani, inaikinga hata hiyo jirani yake. Ndiyo maana kinu cha nyuklia cha Piqua, Ohio, kilichoanza kufanya kazi mwaka 1963, kilipozwa kwa terfenili, mafuta yenye pete tatu za benzeni zilizoungana. Hata hizo hazikustahimili zote: masalio ya kaboni yaligandamana ndani, na mwaka 1966 kinu kikazimwa.

Alhamisi nitaanza na benzeni, ingawa haimo katika mada ya Kidato cha Tatu. Yule msichana nitamwita ubaoni achore vipande anavyodhani vitatoka sehemu ya juu ya mtungi, na vile vya chini.