Joto ndilo lililokuwa linaninyima waini nzuri

Mie na baba watoto tuna mazoea yetu, jioni watoto wakishalala tunakula polepole na gilasi moja moja ya waini, mbili ikiwa ni Jumamosi. Hatunywi kulewa, tunakunywa kwa sababu samaki wa nazi na waini nyeupe ya baridi vinapendana kwelikweli. Lakini miaka ya mwanzo hapa Malindi tuliteseka sana na hizo chupa. Bajeti yetu ilikuwa isizidi shilingi 1,200 za Kenya kwa chupa, na kila tukinunua ni bahati nasibu, leo nzuri kesho yake ileile lebo ileile inakuja chungu, imechoka, haina ladha. Nikajiambia basi ndo ya bei rahisi ilivyo, anayetaka nzuri atoe pesa.

Ikafika siku ya kuzaliwa ya mume wangu nikajikaza nikanunua ya 2,600, nyeupe, ya Kitaliano, kwenye duka moja lenye dirisha kubwa la kioo ambapo chupa zimepangwa vizuri zinang'aa jua la saa tisa. Nafika nyumbani natoa karatasi ya juu naona kizibo kimeinuka kimepita mdomo wa chupa, na pembeni kuna kitu kimetiririka kikakauka kinanata kama asali. Nikafungua hivyohivyo. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyozidi maji, harufu ya tofaa lililopondeka likaachwa juani. 2,600 jamani. Nililia.

Asubuhi nikatia kile kizibo kwenye pochi nikaenda nacho kazini. Mie ni mpishi, wakati ule nilikuwa nampikia mzee mmoja Mtaliano upande wa Casuarina, mtu wa miaka mingi hapa, Kiswahili anakimudu. Nikamwonyesha, akakigeuza mara mbili, akanambia, "Mama, hii imepikwa." Akanieleza kwamba waini ikipata joto inafura ndani ya chupa, inasukuma kizibo, ikipoa inavuta hewa ndani, na hewa ikishaingia basi imekwisha. Na mwanga wa jua nao unaiharibu kivyake, hasa ikiwa kwenye chupa nyeupe isiyo na rangi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu mzaa mama, alikuwa mgema. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, na sisi watoto tulijua wazi tembo la asubuhi ni tamu, likishinda juani mpaka alasiri limekuwa kali, kesho kutwa ni siki. Babu alikuwa anafunika kibuyu kwa majani na kukiweka mvungu wa kitanda pale kwenye sakafu ya udongo. Tembo linakuwa bado linachacha lenyewe na waini imeshamaliza kuchacha siku nyingi, sawa, si kitu kimoja, lakini adui wao ni yuleyule. Nilikuwa najua hili jambo tangu nina miaka saba na sikuwahi kulipeleka dukani!

Basi nikaanza kuchagua duka kabla ya kuchagua waini. Nilizunguka barabara ya Lamu mpaka kule mjini nikishika chupa kwa mkono, kweli, unashika tu, nyingine zina joto kama chupa ya uji, hasa zile za rafu ya juu karibu na mabati. Nikawa natafuta duka lenye kivuli, lenye feni au AC isiyozimwa usiku, na muhimu zaidi, linalouza haraka, kwa sababu chupa iliyokaa wiki mbili si sawa na iliyoshinda kaskazi nzima pale. Nauliza bila haya, kaka mzigo huu umeingia lini? Naangalia kizibo hakijainuka, waini haijashuka sana shingoni, na ikiwa ina kifuniko cha kuzungusha ndio nafurahi zaidi, watu wanakidharau lakini kwa joto letu kinafaa sana. Halafu stika ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, naiskani na simu kwa ile programu yao ya Soma Label maana za bandia zipo.

Kwa nyeupe za bei nafuu nasoma mwaka. Hizi si za kuweka, ni za kunywa changa. Afrika Kusini wanavuna kuanzia kama mwezi wa kwanza au wa pili mpaka wa nne, Italia wanavuna mwezi wa nane mpaka wa kumi, kwa hiyo nyeupe ya Afrika Kusini inaweza kufika huku mwaka uleule iliyovunwa. Ikizidi miaka miwili mitatu na bei ni ya chini naiacha palepale.

Sasa upande wa bei. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwenye waini nimeona jina likisifiwa bei ndo inapanda. Yule mzee alinambia kwao Barolo, ile nyekundu yao yenye jina kubwa, ni ya sherehe, siku za kawaida watu wanakunywa vitu vya kawaida, na akanitajia Montepulciano d'Abruzzo na Nero d'Avola ya Sicily. Hiyo ya kwanza ilinichanganya kwa muda, maana kuna nyingine inaitwa Vino Nobile di Montepulciano, hiyo inatoka Toscana kwenye mji unaoitwa Montepulciano na zabibu yake hasa ni Sangiovese, wakati ile ya Abruzzo Montepulciano ndio jina la zabibu yenyewe. Ya Abruzzo ndo ya mfuko wangu, na pweza wa kukaanga na nyanya inakwenda vizuri sana.

Lakini tunayokunywa zaidi ni Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Ndiyo zabibu waliyoipanda kwa wingi kuliko zote kule, zamani wakiiita Steen, na kwa kuwa ipo nyingi unaipata nzuri bila kuvuka 1,200. Ina ukali kidogo kama wa ukwaju mchanga, ule unakata mafuta ya nazi mdomoni halafu unatamani tonge lingine. Pinotage pia tunaijaribu, ile iliyotokana na Pinot Noir na Cinsault, Profesa Perold aliichanganya mwaka 1925 kule Stellenbosch, ila za bei ya chini nyingine zina harufu ya mpira ulioungua, kwa hiyo nanunua moja kwanza sinunui mbili.

Boksi nilikuwa nalidharau, sasa nalitetea. Lile la lita 5 ni chupa sita na zaidi kidogo, nikilipata kwa 5,400 ni kama 810 kwa chupa, na ule mfuko wa ndani unajikunja kila ukimimina kwa hiyo hewa haiingii, kwenye friji linakaa mwezi mzima likiwa zima. Hakikisha tu limeandikwa dry, yaani isiyo tamu, maana mengi ni ya sukari tupu, na soma tarehe, boksi halikai miaka kama chupa. Mie nanunua boksi wakati wa kusi. Kaskazi, mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, nachukua chupa mbili tu kwa wakati, najua nyumba yangu.

Chupa ikibaki nusu naimimina kwenye chupa ndogo ya maji mpaka juu kabisa, mpaka inataka kumwagika, nafunga, friji. Siku tatu nne bado nzuri. Na nyekundu msikubali ile habari ya kunywa kwa joto la chumba, hicho chumba ni cha Ulaya chenye digrii 18 hivi, changu mimi kina 30, kwa hiyo itie friji nusu saa kwanza utaona tofauti.

Majirani zangu wengi ni Waislamu na tunaishi vizuri, kwa hiyo chupa naibeba kwenye kikapu na kanga juu, na barazani hatunywi.

Lile duka la dirisha nililirudia baadaye. Sikwenda kugombana, nilimpa mwenyewe kile kizibo nikamweleza kama nilivyoelezwa, akasikiliza, wiki iliyofuata nikapita nikakuta chupa zote zimehamia ukuta wa nyuma na dirishani kaweka maboksi matupu. Siku hizi mzigo ukiingia ananipigia kabla hajapanga. Alhamisi kanambia, "Dada, Chenin imefika, bado iko kwenye katoni." Nimechukua tatu. Moja iko kwenye friji saa hii, na kolekole yuko jikoni anasubiri tui la pili.