Anayetaka zimamoto aanzie kwenye machela

Marekani, kijana anayetaka kuvaa kofia ya zimamoto huambiwa mapema: katafute kwanza cheti cha huduma ya dharura. Ngazi ya mwanzo inachukua kama saa 120 hadi 190 za mafunzo, unafanya mtihani wa taifa, unapanda ambulansi, halafu ndipo unaomba kazi zimamoto. Idara nyingi huko hazikuajiri bila cheti hicho, maana simu nyingi wanazopokea si za moto. Ni za wagonjwa: kifua kinabana, mzee kaanguka bafuni, gari limegongana.

Dar es Salaam hakuna ngazi iliyopangwa hivyo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, linaajiri kwa tangazo, na askari wake wanafundishwa Chogo, Handeni. Hakuna atakayekupitisha kwenye usaili eti kwa sababu umesukuma machela miaka miwili. Hata hivyo nasema anzia huko. Soma jina la Jeshi hadi mwisho: Zimamoto *na Uokoaji*. Jangwani ikijaa maji, mtu akitumbukia kisimani, lori likimbana dereva Barabara ya Mandela, hapo hakuna moto wa kuzima. Kuna mtu wa kutolewa akiwa hai, na ufundi huo hupatikana upesi zaidi kwenye ambulansi kuliko kwenye gari la maji.

Sasa, njia zenyewe. Hapa kwetu anayekaa nyuma ya ambulansi mara nyingi ni muuguzi au tabibu, na mbele yuko dereva. Ukitaka kiti cha nyuma, ni stashahada ya uuguzi au ya utabibu: miaka mitatu, na cheti cha kidato cha nne chenye Baiolojia, Kemia na Fizikia, angalau D. Kabla ya kulipa ada hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na kozi yenyewe inatambuliwa na baraza la taaluma hiyo. Wapo wanaouza "cheti cha paramediki" cha wiki mbili chenye muhuri mkubwa. Kinapendeza ukutani, kwenye usajili hakikusaidii kitu.

Piga hesabu ya umri pia. Matangazo ya Jeshi huwa na kikomo cha umri, na kikomo hicho hutegemea elimu unayoombea. Mwenye miaka 19 anaweza kusoma miaka mitatu na bado akawa kijana. Mwenye 24 na cheti cha kidato cha nne tu asijifungie chuoni kabla ya kusoma tangazo la mwisho neno kwa neno. Huyo namshauri achukue kozi ya huduma ya kwanza ya Chama cha Msalaba Mwekundu, ajitolee, na atafute leseni ya magari makubwa.

Ufundi wa kwanza unaohama nawe kutoka ambulansi kwenda zimamoto ni hesabu ya mtungi. Mtungi wa oksijeni una ujazo wake wa maji, umegongwa kwenye shingo. Chukua wa lita 5. Geji ya mgandamizo inasoma bar 120. Toa bar 20 za akiba, zinabaki 100. Mara 5, ni lita 500. Mgonjwa yuko kwenye lita 10 kwa dakika, kwa hiyo una dakika 50. Mpandishe hadi lita 15, zinabaki 33. Ukitoka Mbagala Rangi Tatu jioni kwenda Muhimbili, dakika 33 zinaweza kukuishia Mtoni huku dereva akipiga honi kwenye foleni. Hesabu hiyo inafanywa gari likiwa bado limesimama.

Makosa ya mtungi ni yale yale kila mahali. Mtu wa zamu ya usiku hakufunga vali, asubuhi geji iko sifuri. Pete ya mpira kwenye regulata, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo, imepasuka, mtungi unavuja kimyakimya: funga mtiririko, fungua vali kisha uifunge, subiri dakika chache, sindano ikishuka kuna uvujaji. Kabla ya kufunga regulata, fungua vali kidogo sekunde moja itoe vumbi. Na usipake mafuta wala grisi hata kama uzi umekaza, kwa sababu oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta huwaka. Barakoa yenye mfuko nayo, jaza mfuko kwanza ndipo umvalishe mgonjwa. Mfuko uliolegea maana yake anapumua hewa ya kawaida huku wewe ukidhani unamtibu.

Siku utakapobebeshwa mtungi wa hewa mgongoni uingie kwenye moshi, hesabu ni ile ile. Lita 6, bar 300, filimbi ya tahadhari inalia karibu na bar 55. Mia tatu toa 55 ni 245, mara 6 ni lita 1,470. Mtu anayeburuta mpira wa maji na kupanda ngazi hula kirahisi lita 60 kwa dakika. Umepata kama dakika 24, na kwa kuwa hewa kwenye bar 300 haibaniki sawasawa na hesabu, kweli ni pungufu ya hapo. Lebo za mtungi huandika dakika 45. Hizo ni za mtu anayetembea taratibu.

Ufundi wa pili ni kutokiamini kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Umemtoa mtu kwenye chumba chenye moshi, au fundi aliyelala dukani na jenereta ndani, au familia iliyofungia jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua. Unambana kidole, kinasoma 98. Macho yanafurahi. Lakini monoksidi ya kaboni ikishika damu huipa wekundu, na kile kipimo kinasoma rangi tu, hakijui kilichobebwa ni nini. Mtazame mtu mwenyewe: kichwa kinauma, anatapika, amechanganyikiwa? Oksijeni lita 15 kwa barakoa yenye mfuko, bila kujali namba. Akiachwa na hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo inachukua saa 4 hadi 5 kutoka. Kwa oksijeni kamili ni dakika 60 hadi 90.

Mwangalie pia puani. Masizi kwenye tundu za pua, vinyweleo vya pua vilivyoungua, sauti iliyokwaruza: huyo koo limeungua na linavimba. Anaongea sasa, baada ya nusu saa hataweza. Huyo ndiye anayetangulia kwenye gari, hata kama jirani yake ana mkono ulioungua vibaya na anapiga kelele zaidi.

Kwenye kuungua kwenyewe sitakaa sana. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, na bado yanasaidia ndani ya saa 3 za mwanzo. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, ute wa yai na asali utavikuta vimeshapakwa kabla hujafika. Suuza, usigombane na mama mwenye mtoto.

Jambo la tatu halifundishwi vizuri mpaka watu wa machela na watu wa jeki wawe wamekaa pamoja. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, nchi nzima iliona jinsi watu wanavyoweza kubanwa chini ya zege kwa saa nyingi. Mtu aliyebanwa paja muda mrefu anaweza kuwa anaongea nawe vizuri kabisa. Ukinyanyua nguzo ghafla, damu inarudi kwenye msuli uliokufa, inatoka na potasiamu, na potasiamu ikifika moyoni moyo unasimama. Watu hushangilia mtu ametoka, dakika mbili baadaye kimya. Kwa hiyo mshipa unatafutwa akiwa bado chini ya nguzo, na maji ya dripu yanaanza kuingia, yale ya chumvi (normal saline), karibu lita 1 kwa saa kwa mtu mzima. Dripu ya Ringer iache, ina potasiamu ndani yake. Hiyo ni kazi ya tabibu au muuguzi. Kazi ya zimamoto ni kujua kwamba anapaswa kumsubiri, na aliyewahi kukaa nyuma ya ambulansi haambiwi mara mbili.

Ajali za bodaboda zitakujaza zaidi ya vyote. Damu inayoruka kwenye mguu, bonyeza kwa nguvu. Isiposimama, mkanda wa kubana, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si kwenye goti lenyewe, kaza mpaka damu ikome, andika saa. Wengi hukaza nusunusu kwa kumhurumia majeruhi anayelia, na mkanda uliolegea huongeza damu kutoka kwa sababu unazuia inayorudi tu. Mwenye kofia anayepumua, usiing'oe peke yako: mmoja ashike shingo, mwingine avute. PF3 itafuata, tiba ya kuokoa maisha haisubiri karatasi ya polisi.

Kuna mambo ambayo ambulansi haitakupa. Mwili, kwa mfano. Mtihani wa mwili wa zimamoto unaotumika sana Marekani una vituo 8 kwa dakika 10 na sekunde 20, umevaa fulana ya kilo 22.7, na kwenye ngazi unaongezewa nyingine 11.3 kwa dakika tatu, hatua 60 kwa dakika. Hapa hautapimwa kwa huo, ila ni kipimo kizuri: begi la mchanga, ghorofa isiyo na lifti, saa ya simu. Na jifunze kuogelea kwelikweli. Mji wenye bahari na mafuriko kama huu usikukute unashika ukuta wa bwawa.

Kitu cha mwisho utakachokibeba ni ramani. Anayepiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, Dar hasemi namba ya nyumba, anasema "ukifika kwa Mangi kata kushoto". Mtu wa ambulansi anajua Tandale gari linaishia wapi na machela inaendelea kwa miguu hatua ngapi. Andika vichochoro hivyo kwenye daftari, kwa mita. Gari la zimamoto ni pana kuliko lako, litaishia mapema zaidi, na kutoka hapo kinachokwenda ni mpira. Mita 180 ni mipira 9 ya mita 20, na bado hujafika mlangoni.