Bomba la inchi tatu na wavu wa mbu: ninavyosafisha filamu ya eksirei nyumbani

Ukiambiwa kwamba filamu kubwa haisafishiki nyumbani, yaani huwezi kuitoa picha kwa dawa, mpaka uagize tanki la kusafishia la kampuni ya Jobo kutoka Ujerumani, aliyekuambia hajawahi kupita maduka ya mabomba pale Gerezani. Mimi nasafisha filamu ya eksirei, shiti za sentimita 18 kwa 24, bafuni kwangu Tabata, kwa kipande cha bomba la maji taka na wavu wa dirishani. Negativu zinatoka safi, bila mkwaruzo, na nalisema hilo kwa fahari kwa sababu nilisumbuka sana kufika hapa.

Filamu ya kamera kubwa kuipata Dar ni kazi, na ukiagiza nje bei inakatisha tamaa. Ya eksirei wanayo wauza vifaa vya hospitali, shiti 100 kwa boksi, na kwa kuwa hospitali nyingi zimehamia kwenye mitambo ya dijitali, muuzaji mwenye boksi la siku nyingi hana ubishi mkubwa wa bei. Kamera nilichongewa na fundi seremala Keko, lakini hiyo tuiache.

Tabu ya filamu hii ni moja: imepakwa dawa inayoshika picha pande zote mbili. Imetengenezwa hivyo makusudi, ikae katikati ya vioo viwili vinavyowaka ndani ya kaseti, lile boksi bapa la kushikia filamu hospitalini, ili mgonjwa apigwe mionzi kidogo. Kwetu wapiga picha maana yake hakuna upande salama wa kulalia. Kila niliyemuuliza mtandaoni alinijibu kwa mkato, "Tumia trei," yaani sinia bapa la dawa. Nikatumia trei. Utando wa dawa ukilowa kwenye joto la Dar unakuwa laini kama mlenda, na sakafu ya trei ina vijimatuta vidogo ambavyo jicho halivioni. Shiti ya kwanza ilitoka na mistari kuanzia kona mpaka kona. Ya pili nikaigeuza polepole kwa ncha za vidole, na kila kidole kikaacha alama yake.

Nikaenda kumwona mzee mmoja wa Mwananyamala aliyekuwa na studio enzi za picha za mkanda. Baada ya shikamoo akaishika ile negativu, akaielekeza dirishani, akaikagua muda mrefu bila neno.

"Mwanangu, hii umeisugulia wapi?"

"Sijaisugua, mzee. Ni trei tu."

"Basi weka kioo chini ya trei. Filamu ipite juu ya kioo."

Ushauri wake ulikuwa wa maana kuliko wote nilioupata mtandaoni, na mikwaruzo ilipungua kweli. Lakini kuchezesha trei mkononi kwa dakika nyingi, gizani, na jasho linadondokea ndani ya dawa, si jambo la kufanya kila wiki. Ndipo nikawaza bomba.

Hesabu yake ndiyo inayonifurahisha. Bomba la PVC la inchi 3, ukilipima mzunguko kwa ndani, linakupa kama sentimita 22. Shiti yako ina upande wa sentimita 18. Ikunje iingie, inajitanua yenyewe na kukumbatia ukuta, ncha zake hazigusani. Urefu ni 24, kwa hiyo unakata bomba la 27 hivi. Upande mmoja kifuniko cha kugandisha kwa gundi ya mabomba, upande wa pili kile cha kuzungusha chenye mpira. Vyote pamoja ni elfu chache, haifiki nauli ya bodaboda ya kwenda Mbagala na kurudi mara mbili. Dawa ya mililita 300 inatosha, maana bomba unalilaza na kulizungusha, filamu inapita kwenye dawa kila mzunguko.

Sasa wanaosema "weka tu kwenye bomba" wanasahau kwamba ule upande wa nyuma umegandamana na ukuta. Dawa haifiki huko. Unatoa shiti, mbele picha nzuri, nyuma mabaka meupe ya maziwa pale ambapo fiksa, ile dawa ya mwisho ya kuimarisha picha, haikugusa. Hapo kuna mtu alinishauri niyasugue kwa sponji! Dawa ya tatizo hili ilikuwa dirishani kwangu: wavu wa kuzuia mbu. Chukua ule wa plastiki. Wa chuma unakwaruza. Uoshe vizuri kwa sabuni kwanza, kisha kata kipande kinachozunguka ndani ya bomba mara moja bila kupandana, na usukume mpaka ulale ukutani. Filamu inakaa juu ya wavu, na kila kitundu kinabeba tone la dawa nyuma yake. Siku nilipotoa shiti ya kwanza iliyopita kwenye wavu niliielekeza kwenye taa, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Pande zote zilikuwa sawa. Nilimwita jirani aje aone, na hapigi picha hata kwa simu.

Dawa yenyewe ya kuitoa picha natengeneza kwa kahawa. Njia hii ilianzia Rochester, Marekani, mwaka 1995, kwa Scott Williams na wanafunzi wake, na sisi tumebarikiwa: kahawa ya unga ya Bukoba ina robusta, na robusta ndiyo yenye tindikali nyingi zinazofanya kazi hii. Kwa lita moja ya maji weka gramu 54 za soda ash, gramu 16 za vitamini C ya unga mtupu na gramu 40 za kahawa. Soda ash waulize wauza malighafi za sabuni Kariakoo. Usikubali kupewa baking soda, si kitu kimoja, na filamu itakutokea tupu. Vidonge vya vitamini C vyenye ladha ya chungwa pia achana navyo. Fiksa nanunua ya eksirei. Nyingi zina kiungo cha kukaza utando, jambo jema kwa joto letu, ila suuza kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu joto, wale wa "lazima nyuzi 20" hawana simtanki juu ya bati. Maji yangu mchana yanafika karibu 30. Nanunua barafu ya mfuko dukani, naitia kwenye beseni mpaka nyuzi 24, bomba linaelea humo huku nikilizungusha kwa kiganja, na muda naupunguza. Kuanzia dakika ya sita nafungua kwenye taa nyekundu na kuchungulia. Filamu hii haioni wekundu, ndiyo raha yake. Taa yako ijaribu hivi: weka sarafu ya mia mbili juu ya kipande cha filamu dakika kumi, kisha kisafishe. Ukiona duara la sarafu, hiyo taa haifai.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kutoona wekundu, ngozi zetu na midomo hutoka nyeusi kuliko zilivyo. Mpige mtu kivulini mwenye mwanga mwingi, na ongeza mwanga kuliko mita ya kupimia mwanga inavyosema.

Kukausha, tundika kwa kona moja, na uzi wa kutundikia upake mafuta mazito pande zote mbili, maana utando ni jelatini na mende na sisimizi wanaijua njia.

Sasa nataka shiti za 24 kwa 30. Bomba la inchi 4 lina kama sentimita 32 kwa ndani, linatosha, na nimeshalikata. Bado kifuniko cha kuzungusha cha saizi hiyo. Anayejua duka wanakouza kisichovuja aniambie.