05/08 ni lini hasa? Wajenzi wa modeli na balaa la tarehe

Kwenye hobi yetu hii ya kujenga modeli, yaani ndege, meli na pikipiki ndogo za plastiki, kuna watu (nawapenda sana, msinielewe vibaya) wanaoweza kubishana usiku kucha kama tumbo la ndege fulani lilikuwa kijivu hiki au kijivu kile, watapima bawa kwa kalipa wakikuta limepungua nusu milimita basi hapakaliki, na kusema kweli wana hoja kwa sababu kwenye skeli ya 1/72 (modeli ni ndogo mara 72 kuliko kitu chenyewe) nusu milimita ni sentimita 3.6 za ndege yenyewe. Afu mtu huyohuyo anaandaa mradi wa pamoja, kila mtu anajenga modeli yake ila wote wana siku moja ya kumaliza, anaweka sheria zote vizuri kabisa, modeli isiwe imeshajengwa zaidi ya asilimia 25, picha ya boksi na vipande kabla hujaanza ni lazima, mwishoni kabisa anaandika "dedilaini 05/08" anaenda zake kulala.

Mwezi gani sasa?

Mmarekani akisoma hapo anaona 8 Mei. Muingereza, Mfaransa, Mbrazili na sehemu kubwa ya dunia wanaona 5 Agosti. Watu wanapenda kusema ni Wamarekani peke yao walioamua kuwa tofauti, lakini Mjapani naye anaanza na mwaka, unafuata mwezi, siku inakuja mwisho, kwa hiyo ukimwandikia 05/08 bila mwaka na yeye atasoma 8 Mei. Wachina, Wakorea na Wahungaria hivyohivyo. Na ukizingatia boksi ngapi tunazojenga zimetoka kwa Tamiya na Hasegawa, kampuni za Kijapani, Wajapani kwenye hobi hii sio wa kuwahesabu pembeni. Mi ule ugomvi wa nani anaandika tarehe kijinga siutaki kabisa, kila mtu anaandika alivyofundishwa darasa la pili na hakuna atakayebadilika kwa sababu tumemcheka.

Kinachonikera ni kwamba tatizo lenyewe sio dogo kama linavyoonekana. Piga hesabu: tarehe yoyote kuanzia 1 mpaka 12 inaweza kusomeka kama mwezi, kwa hiyo siku 12 mara miezi 12 unapata 144, toa zile 12 ambazo namba zinafanana, 1/1, 2/2 na kuendelea, zinabaki siku 132 kwa mwaka ambazo zinasomeka kwa namna mbili na zote zinaingia akilini. Zaidi ya theluthi ya mwaka! Na waandaaji wanapenda mno kuanza mradi tarehe mosi, ambayo ukiacha Januari iko kwenye hilo kundi la utata kila mwezi. Kama unataka usalama wa bure maliza mradi wako tarehe 30, hakuna mwezi wa 30, hata mtu akisoma akiwa na usingizi ataelewa.

Tena sisi tuna shida ya ziada ambayo wengine hawana, maana skeli zetu zenyewe zinafanana na tarehe. Kuna jamaa aliandika kwenye kikundi chetu "pikipiki 1/12 itakuwa tayari" na watu wakaanza kumpongeza kwa kujiwekea malengo, wengine wakadhani ni Desemba mosi, wengine Januari 12, kumbe masikini anataja skeli tu.

Turudi kwenye ile 05/08. Wa kwanza kuumia alikuwa mtu wa meli, wale wa 1/350 wanaofunga reli za pembeni kwa kibanio huku wamebana pumzi, yeye alisoma Agosti na mwandaaji alimaanisha Mei. Wenzake wanaposti picha za mwisho yeye ndo kwanza ana mwili wa meli umepigwa rangi ya msingi, kijivu mwanzo mwisho, anauliza mbona mnakimbizana hivyo. Akasikitika, akaambiwa pole, akaendelea kujenga meli yake taratibu na ikatoka nzuri sana, kwa hiyo huyo mi simhurumii sana.

Wa kumhurumia ni yule wa upande wa pili, kwenye mradi mwingine, ambaye dedilaini ilikuwa Agosti yeye akasoma Mei. Huyu hakukosa muda, huyu alijiharibia kazi bila sababu. Anayejenga anajua kwamba kazi ya kuunganisha vipande inaweza kubanwa kidogo, ukakesha, ukapiga msasa asubuhi badala ya jioni, lakini rangi haijui habari za dedilaini. Rangi ya enameli inataka ikae siku nzima au zaidi kabla hujaibandikia tepu, yeye akabandika ikiwa bado laini kwa chini, akavuta tepu ikaja na kipande cha rangi ya bawa. Akarekebisha harakaharaka. Stika za maji akaziweka juu ya rangi isiyong'aa kwa sababu kungoja vanishi ya kung'arisha ikauke aliona ni kupoteza siku, na stika ukiiweka juu ya uso uliofifia hewa inabaki chini yake, ukiigeuza kwenye mwanga unaona ule weupe kama ukungu unaozunguka namba. Kioo cha rubani akakibandika kwa supaglu, mvuke wake ukakifanya cheupe kwa ndani, na kwa ndani hapafikiki tena. Akaposti picha usiku wa 7 Mei, amechoka, anaomba radhi kwa ubora wa kazi. Mtu wa kwanza kumjibu akamuuliza mbona umewahi hivyo, bado miezi mitatu.

Alama ya kidole ya haraka zile iko kwenye bawa la kushoto mpaka leo, na kwenye picha inaonekana vizuri tu.

Lakini dedilaini ni nusu ya habari, maana ukikosa dedilaini unakosa mradi mmoja tu. Mi naona tarehe za utafiti ndo hatari zaidi, na hapo ndo wale watu wa nusu milimita wananishangaza. Chukua picha ya zamani ya ndege ya jeshi la majini la Marekani, nyuma yake mtu ameandika kwa penseli 5/6/42. Ukisoma Kimarekani ni 6 Mei 1942, yaani katikati ya vita vya Coral Sea, Wamarekani na Wajapani kwenye Pasifiki, vilivyopiganwa kuanzia 4 mpaka 8 Mei. Ukisoma kwa kuanza na siku ni 5 Juni 1942, uko kwenye vita vingine vya hao hao, vya Midway. Mwezi mmoja tu kati yao, sawa, lakini ndani ya mwezi huohuo Wamarekani waliamuru lile duara jekundu katikati ya nyota ya utambulisho ya ndege zao liondolewe, maana kwenye purukushani ya vita wekundu wowote uliweza kudhaniwa ni jua la Mjapani, lile duara jekundu la ndege zake, na ile mistari myekundu na myeupe kwenye usukani wa mkia nayo ikafutwa. Kwa hiyo ukikosea kusoma hiyo namba hujakosea siku thelathini, umepaka ndege nyingine kabisa. Utakuwa na Midway yenye duara jekundu, afu watakuja watu kukuambia riveti za mkia umezikosea wakati kosa kubwa linawatazama usoni.

Normandy, kule Ufaransa ambako Waingereza, Wamarekani na wenzao walitua 6 Juni 1944, ni hivyohivyo. Ile mistari myeusi na myeupe kwenye mabawa na kiwiliwili ya ndege zao ilipakwa siku chache tu kabla ya siku hiyo, mara nyingi kwa haraka na kwa brashi (ndo maana mistari iliyonyooka sana kwenye modeli inanipa mashaka, ila hiyo ni mada ya siku nyingine). Karibu mwezi mmoja baadaye ikaamriwa ile ya upande wa juu ifutwe ili ndege zikiegeshwa kwenye viwanja vya mbele kule Ufaransa zisionekane kirahisi kutoka angani. Sasa picha iliyoandikwa 7/6/44, kama mwandishi ni Muingereza ni siku moja baada ya kutua na mistari iko kila mahali, kama ni Mmarekani ni 6 Julai na mistari ya juu huenda iko njiani kuondoka. Ninachofanya ni kutafuta picha nyingine za albamu hiyohiyo zenye mwandiko uleule mpaka nipate moja yenye namba inayozidi 12. Ukikuta 19/6 umemaliza, huyo anaanza na siku. Kabla ya hapo sifungui kopo la rangi.

Kwenye kompyuta ndo vioja zaidi. Kuna mwandaaji aliyeweka orodha ya washiriki na tarehe zao kwenye Excel, watu wa nchi tofauti wakajaza, na programu ile inasoma tarehe kufuata mipangilio ya mashine inayojazia. Ukiandika 03/04 inaikubali kimyakimya iwe Machi au Aprili kulingana na mashine, ukiandika 25/04 kwenye mashine iliyowekwa Kimarekani inashindwa kuielewa inaiacha kama maandishi tu. Dalili yake ni hii, tarehe zilizoeleweka zinakaa upande wa kulia wa kisanduku na zilizoshindikana zinakaa kushoto. Ukiona safu yako imegawanyika hivyo usihangaike na zile za kushoto, hizo angalau bado ziko kama zilivyoandikwa. Ziogope za kulia, humo ndo kuna zilizogeuzwa na huwezi kuzitambua kwa macho.

Ninavyofanya mimi sio siri. Nikiandikia watu naandika jina la mwezi kwa herufi, 5 Agosti, na mwaka wake. Kwenye mafaili ya picha za hatua kwa hatua naandika mwaka-mwezi-siku, 2024-08-05, ule mtindo wa ISO 8601 ambao uko tangu 1988, na uzuri wake hata usipojali viwango vya kimataifa ni kwamba picha zinajipanga zenyewe kwa mfuatano, ukitaka kuona lini ulipiga rangi ya msingi unashuka tu.

Na jamani, saa. "Mwisho saa sita usiku tarehe 5" haisemi kitu, ni usiku wa kuamkia tano au ule wa kuamkia sita? Andika 23:59. Afu sema ya wapi, kwa sababu kuna visiwa vya Kiribati viko masaa 14 mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa ya kupimia nyingine, na sehemu nyingine ziko masaa 12 nyuma, ukijumlisha, tarehe moja inaishi duniani masaa 50 kabla haijaisha kila mahali. Kwa mtu anayesubiri vanishi ya mwisho ikauke masaa 50 ni mengi mno, na yupo atakayeyadai yote.

Mradi wetu wa saa hizi sheria ya kwanza kabisa inasema mwisho ni 30 Novemba, 23:59 UTC, jina la mwezi limeandikwa kwa herufi kubwa, kwenye hilo hakuna aliyeuliza swali hata moja. Wote wako kwenye ile asilimia 25, wanabishana kama injini ikishapakwa rangi lakini haijabandikwa inahesabika au haihesabiki.